Somo wa Asiye na Mama: Kungwi, Mutiri na Malezi ya Vijana Wasio na Jamaa katika Meru na Embu

Utangulizi

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii imezoeleka mno katika insha za shule na hotuba za siku za wazazi, hata ni nadra mtu kusita na kuuliza inamaanisha nini kwa mtoto ambaye mamaye hakukataa kumfunza bali hayupo. Mtoto huyo yumo katika methali, lakini kwa sura ya mkaidi. Aliyefiwa, aliyetelekezwa na aliyeokolewa kutoka nyumba iliyomdhuru wote huwekwa katika fungu moja na yule aliyeziba masikio, na wote wanaahidiwa mwalimu mmoja, ulimwengu.

Makala hii inanuia kuichunguza methali hiyo kwa kuangalia namna jamii za Meru na Embu zilivyowavusha vijana kutoka utotoni hadi utu uzima, na hasa ni nani aliyepewa kazi ya kuwavusha. Inadaiwa hapa kwamba methali inapotosha kidogo. Katika jamii nyingi za Kibantu, Waswahili wakiwemo, mama hakuwa mwalimu wa mambo makubwa ya utu uzima. Haya ilimfunga kinywa. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine aliyeteuliwa, na mtu huyo alikuwa na jina. Majina hayo yana thamani leo, wakati Kiswahili kinatafuta neno la kumwitia mtu mzima anayemshika mkono kijana asiye na jamaa.

Kungwi, somo na mutiri

Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza jando na unyago kama mambo yenye watu wake maalumu. Yupo ngariba anayetahiri, na yupo kungwi anayefunda. Kamusi zetu zimehifadhi pia nyakanga, kiongozi wa mafunzo ya mwari, pamoja na somo, neno lenye maana nyingi kuliko yote. Somo ni jambo linalofundishwa. Somo ni mtu mwenye jina sawa na la mwenzake. Somo ni rafiki wa siri. Somo, tena, ni mwanamke anayemfunda mwari. Si rahisi kuamini kwamba maana hizi zimekutana kwa bahati tu. Anayefunda hubeba anachofundisha, huwa msiri wa anayefundwa, na aghalabu uhusiano wao hauishi siku mwari anapotolewa nje.

Katika nyanda za Mlima Kenya mpango ulikuwa na umbo kama hilo. Wakikuyu na jirani zao huliita umbo hilo mutiri, nomino inayotokana na kitenzi chenye maana ya kutegemeza, kukizuia kitu kisianguke. Mutiri alimshika kijana wakati wa kutahiriwa, akamwangalia akiwa na jeraha, akamfundisha, na baadaye akabaki mtu wa kuulizwa. Kwa kawaida hakuwa baba wala mama. Kwa Wameru, kijana aliyepona aliingia gaaru, nyumba ya vijana mashujaa, ambako aliishi na wenzake wa rika, yaani nthuki, chini ya macho ya waliotangulia. Embu na Mbeere, juu ya marika hayo, kulikuwa na mapokezano ya vizazi viwili, Thathi na Nyangi, ambavyo vilipokezana madaraka. Kila kijana alikuwa na mahali pake palipojulikana hata kabla ya kuzaliwa.

Ni vyema kutolipamba jambo hili kupita kiasi. Mfumo huo ulikuwa mkali, ulimdhalilisha mwiji, yaani mvulana asiyetahiriwa, na ulimpitisha msichana kwenye kisu kilichomdhuru maisha yake yote. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo iliyoufuata imeshindwa kuiiga: yatima hakubaki nje. Kwa kuwa mfundaji hakuwa mzazi, kifo cha mzazi hakikuiondoa nafasi ya mfundaji. Ukoo ulitoa mtu.

Wosia wa Siu

Kabla ya kuendelea na Meru, inafaa kupita pwani mara moja. Utendi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mnamo 1858, husomwa vyuoni kama kielelezo cha wajibu wa mke, na wahakiki wa kike wameukosoa kwa haki. Jambo ambalo halitajwi sana ni mazingira ya utunzi wenyewe. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa, na alifariki mnamo 1860. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa kigori ambaye karibu angebaki bila baba wala mama.

Kwa hiyo utendi huu ni mama kuvuka mpaka wa haya na kuitwaa kazi ya kungwi kwa sababu muda umekwisha. Analolifanya halikutarajiwa kwa mama, na anayaweka maneno katika umbo ambalo halitakufa naye. Mtu anaweza kuyakataa mafunzo yake mengi na bado akakubali kwamba swali lake ni lile lile linaloulizwa leo katika vituo vya watoto vya Meru: nikiondoka, nani atamwambia?

1956: wasichana waliojifunda wenyewe

Historia ya Meru ina tukio moja ambalo wanafunzi wa fasihi hawalijui vya kutosha, ilhali linaonyesha kwa uwazi yanayotokea mfundaji anapoondolewa bila ya mwingine kuwekwa mahali pake.

Mvutano kuhusu tohara ya wasichana ulikuwa umeanza mapema. Katikati ya miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali ya kikoloni, ya Embu na Meru yakiwemo, yalipitisha kanuni za kupunguza ukali wa ukataji. Mwaka 1929 Misheni ya Kanisa la Scotland huko Chogoria ilipowataka waumini wake waape kuiacha desturi hiyo, wengi wao walijitoa. Wakati huo huo, jambo la kushangaza, maafisa wa kikoloni wa Meru walihimiza wasichana watahiriwe mapema zaidi, kabla ya kubaleghe. Msichana aliyeshika mimba kabla ya kutahiriwa aliaibisha ukoo, na mimba hizo zilitolewa. Maafisa waliona kwamba kuishusha miaka ya tohara kungepunguza utoaji mimba. Matokeo yake ni kwamba sherehe iliyokuwa ya msichana anayekaribia kuolewa ilianza kuwa ya mtoto. Mafundisho ya ndoa yalimfikia mtu asiyeweza kuyaelewa. Kisu kilibaki na somo akapungua, na hilo lilifanywa na serikali kabla ya marufuku yoyote.

Mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke walipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru nzima, kwa kuungwa mkono na serikali. Jibu halikutoka kwa wanaume wala kwa mangariba. Lilitoka kwa wasichana. Walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani, wakatahiriana. Jina walilopewa ni Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeliandika tukio hili kwa kina na kuliingiza katika kitabu chake cha 2003, anaonyesha kwamba katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za wenyeji kwa kuvunja amri hiyo. Wengine wengi walitozwa faini vijijini bila kufikishwa mahakamani.

Tukio hili limefasiriwa kama upinzani dhidi ya ukoloni, na ufasiri huo una uzito wake. Nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu 1952, watu walikuwa wamekusanywa vijijini kwa amri, na wazee waliopiga marufuku walionekana kuwa upande wa serikali. Lakini kuna upande mwingine wa kuuangalia, nao ni wa malezi. Sherehe ya awali ilikuwa na mama, nyanya, shangazi, ngariba, nyimbo, kukaa ndani kwa miezi, na maneno. Ngaitana ilikuwa na wembe na wasichana wa umri mmoja. Amri ilikuwa imewaogofya wanawake wakubwa. Yeyote ambaye angeonekana amefunda angeshtakiwa. Basi watoto waliichukua sehemu pekee ya utu uzima waliyoweza kuifikia kwa mikono yao, yaani damu. Maneno hayakununulika dukani.

Msomaji wa fasihi simulizi atatambua uzito wa jina lenyewe. Vitenzi vya kutahiri katika lugha nyingi za Kibantu hupenda kauli ya kutendwa kwa mwenye kutahiriwa: mtu hutahiriwa, hafanyi. Ngaitana ni kitenzi cha nafsi ya kwanza, cha wakati ujao, kinachojirejelea. Kisarufi ni jambo geni, na ugeni huo ndio uliowashtua wazee. Kijana anayejivusha mwenyewe anakuwa mtendaji na mtendwa kwa pamoja, na hapana mtu wa tatu katika sentensi.

Tohara kwa maneno

Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, jaribio lilifanywa la kuligeuza tukio hilo juu chini: kuuondoa wembe na kuwarudisha wanawake wakubwa. Katika eneo la Gatunga, Tharaka, shirika la Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la kimataifa la PATH walishirikiana na akina mama wa mahali hapo kuanzisha kile kilichoitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani kwa juma moja. Walifundishwa juu ya miili yao, uzazi, magonjwa, heshima na kujithamini, kisha wakatolewa nje kwa nyimbo, ngoma, chakula na zawadi mbele ya wazazi na wazee. Hapakuwa na kisu. Wazazi nao walifanyiwa mikutano, maana msichana asiyetahiriwa angerudi nyumbani kwa watu wale wale.

Jambo la kuvutia ni kwamba kila msichana alipewa mwanamke wa kumfunda, kwa mfano wa shangazi. Waanzilishi walitambua kwamba sheria pekee haijazi nafasi. Mpango huo ulienea hadi sehemu nyingine za Kenya, na makanisa yakauchukua kwa namna zake. Sheria nayo ilifuata: Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza tohara ya wasichana walio chini ya miaka 18, na sheria mahususi ya kupiga marufuku ukeketaji ikapitishwa mwaka 2011. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, na asilimia 15 mwaka 2022.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kufanywa. Juma moja si miezi. Mara nyingi msichana aliporudi shuleni, mwanamke aliyemfunda alirudi shambani, na hapakuwa na desturi iliyowataka waonane tena. Kwa msichana mwenye mama, hilo lilikuwa pungufu dogo. Kwa yatima, ambaye alihudhuria kwa ufadhili wa kanisa au wa mwalimu mkuu, pungufu hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Pia sherehe ilitegemea mzazi wa kuketi mbele na kupokea. Asiye na wa kumpokea hutolewa nje, lakini kwa nani?

Wavulana, miraa na likizo ya Desemba

Mazungumzo kuhusu jando huelekea kuwasahau wavulana kwa sababu tohara yao si haramu. Hilo ni kosa. Kwa muda mrefu chini ya mfumo wa 8-4-4, mvulana wa Meru au Embu alitahiriwa baada ya mtihani wa darasa la nane, mwezi wa Novemba au Desemba, na akaingia kidato cha kwanza akiwa “mwanamume”. Majuma machache yalibeba mambo mawili makubwa. Ni humo pia ambamo vijana waliotangulia kidogo tu, pasipo mzee, waligeuka wafundaji. Kilichofunzwa kilikuwa ni kumdharau mama, kuthibitisha uanaume kwa wasichana, kunywa na kutafuna. Mahali pengine wari walipigwa. Gaaru ilikuwa imekufa, lakini sauti zake mbaya zilibaki.

Hospitali ya Chogoria iliona pengo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilianza kuwapokea wavulana kwa pamoja wakati wa likizo, kuwatahiri kwa usafi, na kuwaweka kumbini kwa siku kadhaa ambamo walifundishwa kuhusu Ukimwi, pombe, maadili na mila. Makanisa mengi ya Meru na Embu sasa yana kambi za aina hii. Jambo hili linastahili sifa. Lakini kambi ina ada, na pia huhitaji mtu mzima wa kumleta mtoto na kumrudisha nyumbani akiwa na jeraha. Mvulana asiye na mjomba hukaa nyumbani hadi aibu imzidi, kisha huwafuata wenzake kwa mtu yeyote atakayekubali kumtahiri kwa bei nafuu.

Kalenda yenyewe imebadilika. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na katika mtaala mpya mwanafunzi hukaa katika shule ya msingi hadi gredi ya tisa kabla ya kuhamia shule ya upili ya juu. Mwisho wa shule ya msingi na mwanzo wa uanaume havishikani tena kama zamani. Wapo wanaotahiriwa mapema, baada ya gredi ya sita, wakiwa na miaka 12 hivi. Inakumbusha kwa namna fulani yale ya miaka ya 1930, miaka ikishushwa na mafundisho yakibaki yale yale.

Kisha kuna miraa. Igembe, mmea huu ulikuwa na heshima yake: kitita maalumu kiitwacho ncoolo kilipelekwa kwa wazee wakati wa kuposa au kualika watu katika sherehe, na kutafuna kulikuwa jambo la wakubwa. Leo mvulana mwepesi ndiye anayefaa kupanda mti na kuchuma vichipukizi laini, na hulipwa papo hapo. Kwa kijana anayewalea wadogo zake, cheti cha miaka minne ijayo hakiwezi kushindana na malipo ya jioni. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, bei ilianguka na wachumaji wakaumia kwanza. Embu na Mbeere hali ni hiyo kwa muguka; magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipoupiga marufuku Mei 2024, suala lilifika mahakamani Embu kwa haraka, na sauti zilizosikika zilikuwa za wakulima na wanasiasa. Kijana mchumaji hakuwa na msemaji. Jani lile lile ambalo zamani lilimwombea kijana ruhusa ya kuingia utu uzima sasa humwingiza humo bila ruhusa ya mtu.

Umri wa miaka 18

Serikali na mashirika hawakukaa kimya. Tangu 2004 Kenya imekuwa na mpango wa kuwapa fedha watu wanaolea mayatima, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2003. Katika Mahakama Kuu ya Meru, tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walikuwa wamekiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao, na akaamuru wafanye uchunguzi ipasavyo. Kesi hiyo iliwasilishwa mwaka 2012 kwa niaba ya wasichana hao na kituo cha Ripples International cha Meru, na imejulikana kwa jina la Wasichana 160. Ni ushindi uliosifiwa duniani, na kwa haki.

Lakini hukumu hulinda jana ya mtoto zaidi ya kesho yake. Msichana aliyeokolewa akiwa na miaka 9 atafikisha 18. Siku hiyo kisheria si mtoto tena, na kitanda chake kinahitajiwa na mwingine. Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwatoa watoto katika vituo na kuwarejesha katika familia, za damu au za kulea. Nia ni njema. Vilevile inakubali, bila kulitamka kwa maneno haya, kwamba kituo hakiwezi kuwa ukoo.

Anayetoka kituoni hukutana kwanza na dirisha la kitambulisho. Huombwa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Asiye navyo huhitaji barua ya chifu na mtu mzima wa kusema, “Huyu namfahamu.” Bila kitambulisho hapana kazi ya halali, hapana akaunti ya benki, hapana laini ya simu kwa jina lake. Pili ni ardhi: katika Meru na Embu mvulana ambaye hakusimamiwa na ukoo wakati wa jando huona ugumu kudai kipande cha babake mbele ya ami zake, hata kama sheria iko upande wake. Tatu ni mambo madogo yasiyo na ofisi, kama namna ya kuposa, kukataa mkopo au kuamkia wakwe. Katika yote matatu kinachohitajika ni mtu wa kusimama kando yake. Pesa za kaya hazisimami.

Riwaya na neno

Je, fasihi ya Kiswahili imemwona kijana huyu? Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili nchini, imemweka katikati. Ndugu watatu, Umulkheri, Dick na Mwaliko, wanatenganishwa baada ya mtumishi wa nyumbani, Sauna, kuwaiba wavulana wawili. Umulkheri anapata wazazi wa kumlea, Mwangeka na Apondi. Mwaliko anapata wake. Dick anaingizwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya kabla ya kujinasua. Matei hafichi ukatili, na tohara ya wasichana imo pia katika riwaya, ikitetewa na mhusika ambaye mwenyewe imemwumiza.

Tatizo, kama ni tatizo, liko katika namna ya kuokoka. Wanaonusurika vizuri ni wale wanaopata familia kamili. Riwaya inaamini katika mama mpya na baba mpya, na kwa hiyo inabaki ndani ya methali: asiyefunzwa na mamaye apewe mama mwingine. Dick ndiye anayeikaribia njia ya wengi wa Igembe na Mbeere, na ndiye anayejivusha kwa kiasi kikubwa peke yake. Uhakiki wa riwaya hii umetumia kurasa nyingi kwa dhamira ya kupanga watoto na uchache kwa Dick. Yapo hapo maswali ya tasnifu kwa anayeyataka, maana vijana wengi hawatapata wazazi wapya wakiwa na miaka 17. Wanachoweza kupata ni mtu mmoja.

Mtu huyo tumwiteje? Magazeti na taarifa za mashirika hutumia mnasihi, mshauri, mlezi, mwelekezi. Mlezi ana mamlaka ya kisheria na hufaa kwa mtoto mdogo. Mshauri hungoja kuulizwa. Mnasihi, lenye asili ya Kiarabu sawa na nasaha, ni zuri kwa ofisi yenye meza na saa za kazi, nalo limekwisha kushikwa na walimu wa ushauri nasaha shuleni. Kungwi limechakaa kwa kuhusishwa na mambo ya chumbani tu, na gazeti likiliandika wasomaji watacheka.

Limebaki somo. Pingamizi la kwanza ni kwamba neno hili ni la kike na la unyago. Hilo si zito, maana tayari hutumika kwa wanaume wenye majina sawa na kwa marafiki. Pingamizi la pili ni la kisarufi na linastahili kujibiwa darasani: kwa wingi tutasema masomo, na “masomo ya vijana wa Embu” yataeleweka kuwa hesabu na sayansi. Ni kweli. Lakini Kiswahili tayari kina njia. Rafiki, ndugu, shangazi na nyanya ni watu, ilhali vimilikishi vyao katika matumizi ya kawaida hufuata ngeli ya I-ZI: rafiki yangu, ndugu zangu. Mwanafunzi akisema “somo langu” anazungumzia Historia au Fizikia. Akisema “somo yangu” hakuna shaka kwamba anamtaja mtu, na wingi wake ni “somo zangu”. Lahaja za pwani zimekuwa zikisema hivyo tangu zamani.

Tofauti hiyo ya konsonanti moja ina jambo jingine ndani yake. Mnasihi hutajwa mara nyingi bila kimilikishi. Ni mnasihi wa shule, mnasihi wa kituo. Somo, kwa maana hii, halikai bila -angu au -ako. Karani wa kitambulisho akimuuliza kijana wa Maua au Siakago amekuja na nani, jibu litakuwa la maneno mawili, na la pili ndilo litakaloandikwa katika kumbukumbu ya kijana.